Korosho zetu, ajira zao: tulikosa shule, mashine, au nini hasa?

Mchikundi (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu, hatutagombana.

Mjomba wangu wa Masasi amesomesha watoto wanne, watatu wana digrii. Msimu wa korosho ukifunguliwa wote watatu wako nyumbani: mmoja anaandika stakabadhi pale AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, mwingine anapima unyevu ghalani, wa tatu analinda magunia usiku. Nilipokwenda kumsalimia akaniuliza, "Mlituambia tusomeshe, uchumi utakuja wenyewe. Sasa mbona gunia linaondoka vilevile lilivyokuwa likiondoka enzi za baba yangu?" Nikakosa jibu. Nikanywa chai, nikaaga. Lakini swali lile limeganda kichwani, ndiyo maana naandika.

Kwa wasiojua zao hili: kilo nne mpaka tano za korosho ghafi zinatoa kilo moja ya korosho karanga, ile nyeupe unayotafuna. Kati ya ghafi na karanga kuna kazi ndefu. Kuchemsha kwa mvuke, kupoza, kubangua, kukausha, kumenya ile ngozi nyembamba, kupanga madaraja, kufungasha. Ajira yote imo humo katikati. Nyeupe nzima za W320, yaani kama 320 kwenye ratili moja, zina bei yake. Ikipasuka mbili bei inashuka, ikiwa vipande inashuka tena. Kwa hiyo kiwanda cha korosho kinaishi au kinakufa kwa jambo moja: katika korosho mia ulizobangua, ngapi zimetoka nzima.

Sasa njooni kwenye historia. Mwaka 1973/74 Tanzania ilivuna takriban tani 145,000. Tulikuwa wakubwa duniani katika zao hili, pamoja na jirani zetu Msumbiji. Ghafi ilikuwa ikipakiwa melini kwenda India, hasa Kollam kule Kerala, ambako akina mama walibangua kwa mkono. Serikali ikasema, kwa nini ajira hii isiwe hapa? Wazo zuri kabisa. Kwa mikopo, Benki ya Dunia ikiwemo, vikajengwa viwanda 12: Mtwara, Newala, Masasi, Lindi, Nachingwea, Tunduru, Kibaha na kwingineko. Uwezo wake wote ulizidi tani 100,000 kwa mwaka. Mashine zilikuwa za Kiitaliano na za Kijapani, za kisasa kuliko chochote kilichokuwa Kollam.

Miaka ya 1980 haijaisha, vingi vilikuwa vimesimama. Baadaye vikauzwa, na ukipita leo baadhi ya majengo yale utakuta ni maghala. Mnaona kichekesho? Jengo la kubangulia korosho linahifadhi korosho zisizobanguliwa zikisubiri meli.

Upande wa pili, Vietnam. Wametoka vitani 1975, mageuzi yao ya uchumi yameanza 1986, na mwishoni mwa muongo ule bado walikuwa wakiuza korosho nyingi zikiwa ghafi kama sisi. Mashine za Kiitaliano hawakuwa nazo. Wakaanza na kile kibanguzi cha meza, unakanyaga kwa mguu, unavuta kwa mkono, visu viwili vinakutana. Karakana za mtaani zikawa zinavitengeneza na kuvirekebisha. Kila mwaka mtu anaongeza kitu: huyu kabadili umbo la kisu, yule kabadili namna ya kuchemsha, mwingine kaunganisha mota. Kufikia 2006 Vietnam ikaipita India kwa kuuza nje korosho karanga, na hapo haijashuka. Leo wanabangua kwa mashine zinazojiendesha, walizozitengeneza wenyewe, na wanaziuza Afrika. Ghafi wanayovuna kwao haiwatoshi hata kidogo. Wanaifuata Ivory Coast, Kambodia, na Mtwara.

Hitimisho langu, mnaruhusiwa kulipiga mawe: sisi tulinunua mashine, wao walinunua makosa. Sisi tulipokea kitu kilichokamilika ambacho hakuna mtu wetu aliyejua kwa nini kimeumbwa vile. Wao walikosea kwa kitu kidogo cha bei nafuu mpaka wakajua. Na elimu tuliyompa binamu yangu ni ya namna ileile ya mashine zile. Imekuja imekamilika, ina cheti, na hakuna mahali inapochomekwa.

Karibuni.

---

ChaiRangi

Nimeweka kiti. Aliye karibu na korosho alete, chai ninayo.

---

MfukoMtupu

Mkuu Mchikundi, umeandika vizuri ila umeruka hesabu. Mimi nimefanya kazi hii ya ubanguaji kwa misimu minne, kiwanda kidogo, nikafunga. Na sikufunga kwa kukosa maarifa. Nilifunga kwa kukosa hela ya Oktoba.

Sikiliza. Korosho yetu inavunwa Oktoba mpaka Januari. Mnada unaendeshwa wiki chache tu. Kiwanda kikitaka kufanya kazi mwaka mzima lazima kinunue ghafi ya mwaka mzima ndani ya wiki hizo, kwa fedha taslimu, halafu ziwekwe ghalani zikibanguliwa taratibu. Yaani Oktoba unahitaji mtaji wa miezi 12. Nilikwenda benki wakanipa riba ambayo hata ningebangua almasi isingelipika. Mwenzangu wa Vietnam anakopa kwa riba ya chini zaidi, na zaidi ya hapo yeye ana bandari inayompelekea ghafi kila mwezi: Februari mpaka Mei anavuna ya kwake na ya Kambodia, Afrika Magharibi nayo inavuna miezi hiyohiyo, kisha Oktoba anakuja kwetu, wakati huo sehemu nyingine zimekauka. Ndiyo maana ananunua ya kwetu kwa bei nzuri. Anaziba pengo lake.

Na mnadani mimi na yeye tunashindania gunia moja. Yeye anaweza kuongeza shilingi 200 kwa kilo asiumie. Mimi nikiongeza 50 nimekwisha. Usiniambie habari ya kisu.

---

KitabuWazi

MfukoMtupu yuko sahihi kuhusu mtaji, lakini hoja ya mwanzisha uzi haifi.

Nobeli ya uchumi ya 2025, nusu yake alipewa Joel Mokyr, mwanahistoria wa uchumi. Kazi yake kubwa ni kueleza kwa nini Ulaya ilianza kukua bila kusimama tangu Mapinduzi ya Viwanda. Anagawa maarifa mafungu mawili: kujua kwa nini jambo liko vile lilivyo, na kujua namna ya kulifanya. Kabla ya hapo watu walikuwa na ugunduzi, lakini ugunduzi ulikufa haraka kwa sababu fundi alijua namna bila kujua sababu, na msomi alijua sababu bila kushika nyundo. Palipokuwa na njia ya hawa wawili kukutana, kila kilichogunduliwa kilizaa kingine. Nusu nyingine walipewa Philippe Aghion na Peter Howitt kwa hesabu za jinsi kipya kinavyoua cha zamani na uchumi ukakua kwa kifo hicho.

Nikirudi kwenye viwanda 12: hatukuwa na sababu wala namna. Tulikuwa na kitabu cha maelekezo cha Kiitaliano. (Natania kidogo, ila si sana.)

Mfano mwingine ninaoupenda zaidi ya Vietnam. Mwaka 1979 Bangladesh haikuwa na sekta ya nguo za kuuza nje ya kutajika. Kampuni moja ya kule, Desh, ya bwana mmoja Noorul Quader aliyekuwa mtumishi wa serikali, ikaingia mkataba na Daewoo ya Korea Kusini. Sehemu ya mkataba: wafanyakazi 130 wa Bangladesh wapelekwe Pusan wakafanye kazi kiwandani kwa miezi kadhaa. Wakaenda, wakashona, wakaona jinsi oda inavyopokelewa, jinsi makosa yanavyohesabiwa, jinsi kontena linavyopangwa. Wakarudi. Ndani ya miaka michache, 115 kati yao walikuwa wameondoka Desh kwenda kufungua viwanda vyao au kuendesha vya wengine. Kwa Quader ni hasara, kwa Bangladesh ndiyo mwanzo wa sekta inayoajiri mamilioni ya watu leo.

Cherehani zilikuwepo Dhaka kabla ya 1979. Kilichopanda ndege ni watu 130.

---

Mwanangu_Likombe

Naandika kwa niaba ya mama yangu. Nimemsomea uzi huu jioni hii, akaniambia chukua simu andika. Yeye alifanya kazi kwenye moja ya viwanda hivyo, mwanzoni mwa miaka ya 80. Hataki nitaje kipi. Maneno ni yake, mimi natia nukta tu.

"Waambie mashine haikuwa mbaya. Mashine ilikuwa inataka korosho za ukubwa mmoja. Kwa hiyo kwanza zinapita kwenye chekeche linazitenga, kubwa huku, ndogo kule. Chekeche likichoka matundu yanatanuka, korosho zinachanganyika. Ile kubwa ikiingia kwenye kisu cha ndogo inasagika. Ile ndogo ikiingia kwenye kisu cha kubwa inapita nzima na ganda lake. Sisi wanawake tumekaa mwisho wa mkanda tunaona inayokuja ni unga na maganda. Tukamwambia msimamizi, chekeche limechoka. Akasema nyie kazi yenu ni kuokota.

"Kisu kikivunjika tunasubiri meli. Mzungu wa kwanza alikuwa anachonga kitu cha muda ili kazi iendelee, na kijana mmoja alikuwa anamsaidia, akawa anajua kila kitu mule ndani. Mzungu mkataba wake ukaisha akaondoka. Yule kijana akaomba apandishwe awe fundi mkuu, wakasema hana cheti. Wakaleta mwenye cheti kutoka Dar. Mwenye cheti alikuwa mtu mzuri, mpole, ila ile mashine alikuwa anaiogopa. Kijana akaondoka akaenda kutengeneza baiskeli.

"Na waambie mafuta ya ganda yanaunguza. Tulikuwa tunapaka majivu mikononi. Mpaka leo alama ninazo."

Mwisho wa kumnukuu. Amelala sasa.

---

ChaiRangi

Aisee. Nilikuja na utani wangu, mama kaunyamazisha.

---

Mchikundi

Mwanangu_Likombe, mpe mama shikamoo yangu, na umwambie habari ya yule kijana wa baiskeli imenipa jibu la nusu ya swali la mjomba.

MfukoMtupu, hoja yako ya Oktoba sina ubavu wa kuipinga, na nakubali nimeiruka. Ila nikuulize kwa heshima: katika misimu yako minne, korosho nzima zilikuwa ngapi katika mia?

---

MfukoMtupu

Msimu wa kwanza 60 na kitu. Wa pili 70. Wa nne tulifika 80 na kidogo.

Najua unapoelekea. Ndiyo, tulikuwa tunajifunza. Mama mmoja tuliyemwajiri aligundua kwamba tukiziacha usiku mzima baada ya mvuke ndipo tubangue asubuhi, hazivunjiki sana kama tukizibangua zikiwa bado za moto. Hakuna aliyetufundisha. Lakini mkuu, benki haikopeshi kwa dhamana ya mama mwenye akili.

---

MzeeSalfa

Vijana, nimesoma yote. Mimi ni bwana shamba mstaafu, nimekanyaga Newala, Tandahimba na Nanyumbu kabla wengi wenu hamjazaliwa. Kuna mnalolisahau, na bila hilo hadithi ya viwanda haieleweki.

Viwanda vile vilipokamilika korosho haikuwepo! Mchikundi ametaja tani 145,000 za mwaka 1973/74. Ajue pia kwamba 1986/87 tulivuna chini ya tani 20,000. Kiwanda cha kubangua tani laki na zaidi, zao halifiki elfu ishirini, hata Mjapani mwenyewe angefunga mlango. Kwanza Operesheni Vijiji: watu walihamishwa wakaacha mikorosho yao kilomita nyingi nyuma, ikaota msitu. Pili bei, mkulima alikuwa anapata kidogo mno, kupalilia kukawa hasara. Tatu ugonjwa. Ubwiri unga ulitambuliwa rasmi 1979. Ukungu mweupe, kama mtu kamwaga unga wa muhogo juu ya maua. Ua likishikwa halizai. Mkorosho unabaki mkubwa, mzuri, wa kupumzikia kivulini tu.

Hapo ndipo ninapotaka mnisikilize kuhusu maarifa, maana mnayatafuta kiwandani wakati yalifanya kazi kubwa shambani. Pale kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele, Mtwara, watafiti wetu pamoja na wageni walikaa wakahesabu: ukungu unaanza lini, chipukizi la umri gani linashikwa kwanza, upepo unavuma saa ngapi. Wakapata kwamba unga wa salfa ukipulizwa alfajiri, umande ungali juu ya majani na hewa imetulia, unashika. Ukipuliza saa nne asubuhi umepuliza hewani, umempelekea jirani. Jambo dogo hivyo! Lakini tuliamka saa tisa usiku miaka na miaka kumfundisha mkulima mmojammoja jambo hilo dogo. Tukafundisha pia kupogolea matawi ya ndani ili hewa ipite, na kubebesha, kukata mti mzee na kuuwekea kikonyo cha aina bora. Watafiti kama Dk. Peter Masawe walikaa miongo wakizalisha mbegu. Mti wa korosho hauna haraka, unapanda leo, miaka inapita kabla hujajua umepatia au umekosea.

Matokeo yake? Mwaka 2017/18 tulivuna zaidi ya tani 300,000. Msimu wa 2024/25 tumepita laki tano. Kutoka chini ya elfu ishirini! Hakuna kiwanda wala kampuni ya kigeni iliyofanya hivyo. Ni salfa, saa ya kupuliza, na mkulima aliyeelewa kwa nini.

Kwa hiyo msiseme Kusini tumeshindwa kutumia maarifa. Tuliyatumia, ila tuliyaacha shambani, hayakuvuka barabara kuingia kiwandani.

---

KitabuWazi

Shikamoo mzee. Hili la saa ya kupuliza lilipaswa kuwa kwenye mtaala wa sekondari, si kwenye uzi.

Swali: nani aliyalipia?

---

MzeeSalfa

Marahaba. Mwanzoni wafadhili, Waingereza walisaidia sana utafiti. Baadaye zao lenyewe. Kulikuwa na ushuru wa kusafirisha korosho ghafi nje, asilimia 15 ya bei ya melini au dola 160 kwa tani, inayozidi ndiyo inayotozwa. Sehemu kubwa ya fedha hiyo, asilimia 65, ilikuwa inarudi kwenye mfuko wa kuendeleza zao: pembejeo, utafiti, ubanguaji. Mwaka 2018 sheria ikabadilishwa, yote ikaelekezwa Mfuko Mkuu wa Serikali. Wabunge wa Kusini walipiga kelele bungeni mwezi Juni ule, mnakumbuka. Sitasema zaidi, pensheni yangu ninaipenda.

---

ChaiRangi

😂😂 Mzee unajua kuishi.

---

Dada_Nampula

Naongezea kutoka ng'ambo ya Ruvuma, niliishi Nampula miaka sita. Msumbiji walikuwa na viwanda vikubwa vya mashine kama vyenu. Miaka ya 1990 Benki ya Dunia ikawaambia wapunguze ushuru wa ghafi inayotoka nje. Ghafi ikakimbilia India, viwanda vikafungwa, maelfu wakapoteza kazi. Habari hiyo inasimuliwa sana, na kwa uchungu.

Isiyosimuliwa sana ni ya baadaye. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 viwanda vikaanza kufufuka kule Nampula, lakini vidogo, vijijini, na kwa makusudi viliachana na mashine kubwa. Walianza na mvuke na kibanguzi kile cha mkono na mguu alichokitaja Mchikundi. Kinavunja kidogo, korosho nzima zinatoka nyingi, na kikiharibika kinatengenezwa hapohapo kijijini. Sidhani aliyekichagua alikuwa amesoma nadharia yoyote. Alikuwa amekwenda India akaona kwa nini wanashinda.

Ivory Coast nao, ambao sasa wanavuna zaidi ya tani milioni moja, wamejenga kituo cha ubunifu na teknolojia ya korosho pale Yamoussoukro. Kazi yake ni kufundisha watu kubangua kabla hawajamwaga hela yao kwenye kiwanda. Unaingia, unashika mashine tofauti, unavunja korosho za watu, unatoka ukijua. Makosa ya bei nafuu, kama alivyosema mwanzisha uzi.

---

Mzalendo_halisi

Nyie wote mnazunguka. Ubunifu ni kompyuta na akili mnemba, dunia imeshahama korosho. Tuwafundishe watoto kuandika programu, tutaruka hatua zote hizo.

---

Mchikundi

Mkuu, sina ugomvi na programu. Lakini zile mashine za Kivietnam za kuchambua korosho kwa rangi zina kamera na programu ndani yake. Yule aliyeandika programu ile alihitaji mtu wa kumwambia tofauti ya korosho iliyoungua na yenye doa la asili, na mtu huyo amekaa kwenye meza ya kuchambua miaka kumi. Ukiruka hatua unamruka huyo. Halafu kamera yako itaangalia nini?

Na watoto wa mjomba wangu mmoja wao digrii yake ni ya kompyuta, ndiye anayelinda magunia.

---

MfukoMtupu

Hapo kwenye meza ya kuchambua mmenigusa. Nilipofunga kiwanda wale akina mama 38 walirudi majumbani. Sikuwahi kufikiria kwamba ile 60 kwenda 80 ilikuwa kichwani mwao, si kwenye mashine. Mashine niliuza ikapata mnunuzi ndani ya wiki. Ile nyingine hakuna aliyeniuliza.

Msimu wa 2018/19 Serikali iliponunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo na kutaka zibanguliwe hapahapa nchini, walitafutwa wabanguaji kila kona. Nilipigiwa simu na watu wawili wakiuliza kama bado nina mashine. Kama bado nina watu, hawakuuliza.

---

Jiriwa

Salaam wakuu. Mimi ni fundi vyuma, nina karakana yangu Dar. Nimekuwa nikisoma kimyakimya tangu jana. Elimu yangu darasa la saba na VETA miaka miwili, kwa hiyo Mokyr mniwie radhi.

Nimetengeneza vibanguzi vya mkono vitano, oda ya kikundi cha akina mama wa Mkuranga. Fremu nzuri, pedali nzuri, springi inarudisha vizuri. Shida ni visu. Nilichonga kwa bapa la kawaida, vikapinda siku ya tatu. Nikabadili, nikatumia springi ya lori, nikapasha mpaka ikawa nyekundu nikatumbukiza kwenye maji ili iwe ngumu. Ikawa ngumu kweli, ila siku ya pili vimemeguka meno kama sahani. Akina mama wamenirudishia vitatu. Nani anajua chuma wanachotumia Wavietnam?

---

Dada_Nampula

Kule Nampula fundi wa kiwanda alikuwa anatumia springi ya gari vilevile. Sijui alifanyaje zaidi ya hapo, ila kulikuwa na ndoo ya oili chafu karibu na moto kila wakati.

---

MzeeSalfa

Jiriwa mwanangu, marehemu kaka yangu alikuwa mhunzi, alikuwa anafua majembe na visu vya kugemea. Springi haitumbukizwi kwenye maji. Maji yanaishtua, inakuwa kioo. Itumbukize kwenye oili, ndiyo hiyo ndoo aliyoiona dada. Ikishapoa isugue iwe nyeupe, halafu irudishe kwenye moto mdogo, usiiweke ndani ya makaa, iweke pembeni, uitazame rangi. Itaanza njano kama majani makavu, kisha kahawia. Ikifika kahawia itoe, iache ipoe yenyewe. Alikuwa anasema ya kwanza ni kuipa ugumu, ya pili ni kuipunguzia hasira.

---

Jiriwa

Mzee, hii ya pili sikuifanya kabisa! VETA tuliandika kwenye daftari, kuna mchoro wa rangi na kila kitu, nikaujibu kwenye mtihani nikapata. Sikujua kama ndiyo hii.

Na vile visu vikutane vikiwa na umbo gani? Vyangu nimevinyoosha, naona korosho imejipinda.

---

Mwanangu_Likombe

Mama ameamka. Anasema visu vinyooke vya nini wakati korosho ni figo. Vichongwe kwa kuzunguka, kimoja kifuate tumbo, kingine kifuate mgongo, na vikikutana vibaki na nafasi ya unene wa kucha katikati, kisu kikate ganda kisiguse karanga. Anasema nenda na korosho kumi mfukoni ukichonga, uwe unazijaribisha hapohapo.

---

Jiriwa

Unene wa kucha. Sawa mama, shikamoo. Nawasha moto kesho asubuhi, picha nitaweka hapahapa.

---

MfukoMtupu

Jiriwa, niandikie pembeni. Wale akina mama wangu bado ninazo namba za simu za kama ishirini.